Kokwa ya Ishirini na Nne

Ijumaa, Al-Khuwair, biriani imeshaliwa,
kaseti ya kuazima kwa Mmalabari wa chini
inakwaruza ndani ya deki kama paka mlangoni.
Filamu ya zamani: kijana mpelelezi,
mtoto wa Kizungu aliyepakwa rangi ya kahawa
ili afanane na wenyeji.
“Mbona masikio hawakuyapaka?” anauliza Ami Sleyum.

Kweli. Mekundu kama kamba wa kuchemsha.

Kijana anapanda dari, anashuka kwa kitambaa cha kilemba,
barua imeshonwa kwenye pindo la kanzu,
farasi yuko tayari, daima farasi yuko tayari,
na nyuma ya kila jabali pana kanali mwenye masharubu
anayemwita “mwanangu”.
Wanangu mimi wamesahau kutafuna.

Ubavuni kwa Ami amekaa mgeni, Muhenna bin Zahor,
katoka Izki kutualika harusi.
Kiarabu kitupu; hata “starehe” haijui.
Anaitazama filamu kwa adabu, anakula tende.

Ndipo Ami, macho kwenye kioo,
kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi,
anaanza, kwa Kiswahili:

“Mimi sikupewa farasi.
Nilipewa kopo la maziwa mazito
na jina la uongo, nikalisahau siku ya pili.
Miaka tisa nilikuwa nayo. Mwaka wa vita vya Jabali.
Nalala na mbuzi wawili pale njia inapopinda, chini ya falaji,
na kila punda apandaye usiku na mzigo,
kokwa moja ya tende mfukoni.
Asubuhi nazimwaga mezani kwa mtu mwenye miwani.
Haniulizi kitu. Anazisogeza kwa ncha ya kalamu
kama mtu achaguaye mchele.
Mama akasema, maziwa haya yametoka wapi?
Nikasema, kwa Mungu.
Akakoroga chai.”

Kwenye kioo kijana karukia treni. Watoto wanapiga makofi.

“Usiku mmoja walipita ishirini na watatu.
Wa ishirini na nne alikuwa na sikio jeupe.
Nilimjua punda. Nilimjua na aliyeshika kamba,
manati yangu yeye ndiye aliyeichonga.
Kokwa ya huyo sikuitia mfukoni.
Niliimeza.
Nikadhani nimemficha.”

Anajikuna goti.

“Ndege haihesabu, mwanangu.
Ilikuja mchana, na mlima wote ukawa wake.”

Jina halitaji. Haja gani?
Zahor yumo humu sebuleni,
ndani ya pua ya mwanawe, ile pua iliyopinda kidogo,
inayopumua taratibu juu ya sahani ya tende.

Kiswahili Ami alikiokota Wete, dukani kwa mjomba,
kapelekwa huko na miaka kumi na miwili, haongei.
Sisi tulisema kakipenda kwa utamu wake,
ndiyo maana hata aliporudi Maskati hakukiacha.
Kumbe alikuwa akitafuta chumba
ambacho Izki haina ufunguo wake.

Mgeni ananiinamia. Kwa Kiarabu:
“Mzee anasema nini?”

Na mimi, ambaye sijapata kubeba barua ya mtu,
sina kilemba, sina treni,
nina birika la kahawa mkono wa kushoto,
nikasikia ulimi wangu ukijibu bila kutetemeka:
“Anasema filamu ni ndefu.”

Akacheka. “Hata farasi wamechoka.”

Ikaisha kwa bendera na tarumbeta.
Watoto wakagombania nani awe mpelelezi,
nani awe adui; adui hakupatikana.
Muhenna akavaa viatu, akamshika Ami mkono kwa muda,
akambusu begani, akatukumbusha tarehe.

Nikakusanya sahani.
Kokwa za mgeni zilipangwa ukingoni, moja moja,
safu iliyonyooka.
Upande wa Ami hapakuwa na kitu,
na vidole vyake vilikuwa vinanata.